Mstari Niliouandika Juu ya Rajabu

Kabambare, Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri

Kwa mzee wangu Ramazani, fundi wa nguo, Kasongo.

Salamu aleikum, Baba. Ni mimi mwanao Shabani. Natoa salamu kwako, kwa Mama, na kwa kila aliyeamka salama chini ya paa lako. Kifua chako kinaendeleaje? Mvua za mwaka huu ni za kumaliza wazee, nakuomba usiitoe cherehani barazani asubuhi mapema. Goti la Mama limepoa? Mchele mmeshavuna, au ndege wamewaachia majani? Huku sisi ni wazima wa mwili. Mke wangu Zaina anapika, mtoto anatambaa na kula udongo, na mimi bado ni monita wa shule ya Leta, nafundisha kwa mshahara wa serikali, navaa viatu. Hizo ndizo habari njema, nazo zimekwisha.

Sasa nakuomba kitu kimoja kabla hujaendelea. Barua hii usiisome kwa sauti. Najua mazoea ya nyumba yetu: barua ikija inafunguliwa barazani, Mama anakaa mlangoni, mzee kinyozi jirani anaacha kichwa cha mtu nusu amekinyoa na kuja kusikiliza. Wacha waseme umekuwa mchoyo wa habari. Soma kimya mpaka nitakapokuambia.

Aliyekuletea ni Rajabu, mwanao wa mwisho, na najua amekaa mbele yako sasa hivi na matope ya lori miguuni. Anakutazama uso akitaka kujua nimesema nini. Anajua kwamba amefukuzwa shule, miezi miwili tu kabla ya mtihani wa mwisho. Hajui ni nani aliyesababisha. Nimemfanya aibebe barua hii kifuani siku mbili, juu ya magunia ya pamba, naye hawezi kuisoma, maana nimeiandika kwa herufi za Kiarabu ulizonifundisha mimi kwa fimbo. Yeye ulimtoa katika chuo chako cha Kurani ukampeleka shule ya Wazungu kabla hajaweza kuunganisha be na te. Anajua Kifaransa, anajua mito ya Ubelgiji kwa majina, lakini herufi za baba yake kwake ni nyayo za kuku.

Basi jua mapema, usihangaike kutafuta. Ni mimi.

Mkubwa wetu wa shule ni Mzungu mwembamba aliyefika mwanzoni mwa mwaka huu. Wanafunzi wamempa jina la Bwana Mizani, kwa sababu anapima kila kitu: anapima mihogo ya chakula, anapima chaki iliyobaki kila siku, anapima kwa kamba nafasi kati ya benchi na benchi. Hanywi, hatukani mama za watu, na ukimsalimu anaitikia. Ningependa angekuwa mlevi. Mlevi kesho yake husahau alichosema.

Mwaka wa nne ndio wa mwisho hapa kwetu. Anayeumaliza na kushinda mtihani anapata diploma, anakuwa monita kama mimi, na hakuna kapita wa kusimamia pamba atakayempiga tena wala askari wa kumchukua kwenda kulima barabara. Wako kumi na wawili mwaka huu, na Rajabu alikuwa mmoja wao. Bwana Mizani aliona wengi ni dhaifu, akaanzisha masomo ya nyongeza kwa ajili yao: kila siku saa kumi, wakitoka shamba la pamba la shule, wanaingia darasani upya mpaka jua linazama. Hesabu, imla, kusoma Kifaransa. Mimi ndiye niliyewekwa juu yao.

Wazungu huyaita masomo hayo msaada. Nawe ukisikia neno hilo utafikiri ni kitu cha huruma. Watoto wa watu walikuwa wanaingia na matope mpaka magotini, tumbo tupu, maana chakula ni baada ya somo, na aliyekosa hesabu tatu anakula mwisho, sufuria ikiwa imekwisha. Mle ndani ilikatazwa kusema luga yoyote isipokuwa Kifaransa. Aliyeteleza alivalishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka mwingine ateleze, na aliyekutwa nacho jua likizama alilazwa chini na kuchapwa sita. Mchapaji ni mimi. Nilichapa vizuri, Baba, sitaki ufikiri nilikuwa nasitasita. Kuna siku mkono uliniuma nikamlaumu niliyemchapa.

Na Rajabu nilimchapa kuliko wote. Nani angesema nampendelea mtoto wa mama yangu? Nilijifunza kwako. Tukigombana na watoto wa jirani, sisi wa kwako ndio tulioanza kupigwa, hata kama meno yaliyovunjika ni yetu.

Kibao kile karibu kila siku kilikuwa shingoni mwake. Sababu ni mwenzake mmoja anaitwa Mulamba, mtoto wa chifu mmoja wa upande wa Wamaza, kijana mkubwa mwenye mikono ya kubebea magogo, ambaye kugawanya namba kulikuwa kumemshinda. Mimi nilimweleza kwa Kifaransa mara kumi, akaitikia mara kumi, hakuelewa hata mara moja. Rajabu alikuwa ameokota Kibangubangu, luga ya watu wa huku, kwa kucheza na wenzake. Akawa anamwekea mbegu za pamba chini ya benchi, kwenye paja, anazigawa mafungu, anamnong'oneza kwa luga ya kwao. Nilisikia. Niliuona uso wa Mulamba ukifunguka. Nikaenda nikamvika Rajabu kibao, na jua lilipozama nikamchapa sita. Kesho yake akarudia, na siku iliyofuata mwingine akamwomba amweleze vilevile, na mwingine tena.

Siku moja nilimvuta nyuma ya ghala la pamba.

“Weye uko na akili kweli?” nikamwambia. “Kila siku kibao, kila siku kibao. Umuache!”

“Yaya, Mulamba haiko mujinga,” akanijibu mimi kaka yake. “Hakuna mutu alishamuelezaka mu luga yake, ni ile tu.”

“Na mugongo yako?”

“Mugongo itapona. Mutihani ikipita hairudi.”

Nikampiga kofi kwa jibu hilo, halafu nikarudi nyumbani nikamsimulia Zaina huku nacheka kwa furaha, nikimwambia mdogo wangu atakuwa mtu mkubwa kuliko sisi wote. Kofi aliliona. Kicheko nilikwenda kukichekea kwa mke wangu.

Ukiniuliza leo kama masomo yale ya nyongeza yalifaa, Baba, nitakujibu kwamba yalifaa. Wale waliokuwa hawajui sasa wanajua. Lakini msaada wenyewe ulikuwa ule wa chini ya benchi, ule niliokuwa nauchapa fimbo.

Ikaja habari kwamba inspekta atafika kuona kama masomo haya yana faida, yaendelee au yakomeshwe. Bwana Mizani akaniita ofisini, akanipa karatasi kubwa ina majina kumi na mawili, kila jina na mstari wake. Maswali yalikuwa mawili. Je, msaada umemfaa mwanafunzi huyu? Je, anaweza kusimama bila msaada?

“Weye iko na ile watoto kila siku, mimi hapana,” akasema. “Andika kweli. Kweli tu.”

Nikaichukua karatasi nyumbani, nikanawa mikono, nikakaa mezani. Na nikaandika kama mtu aliyelelewa vizuri. Mulamba nikamwandikia kwamba ana bidii sana, msaada umemfaa mno, anasimama mwenyewe. Kuna mmoja hata leo imla yake inanuka makosa, nikasema ameendelea vizuri kupita matumaini. Wote kumi na mmoja niliwapamba. Watoto wa watu hao, Baba. Mtoto wa mtu unamsifu, wa kwako unamshusha. Hivyo ndivyo ulivyonifundisha.

Unakumbuka barazani? Mteja anakuja na kitambaa chake, anamwona Rajabu mdogo kabisa anasoma karatasi ya sabuni kwa Kifaransa, anasema, “Mzee Ramazani, huyu mutoto iko na akili!” Na wewe haraka, hata sindano hujaiinua: “Huyu? Punda huyu. Kazi yake kula.” Kisha unatema mate pembeni, kijicho kisimpate. Na mteja anacheka, maana anaelewa. Kasongo nzima inaelewa. Kadiri mzee anavyomtukana mwanawe mbele ya wageni ndivyo wageni wanavyojua anampenda, na wanakwenda zao wakisema nyumba ile ina mtoto.

Nilipofika kwenye jina la Rajabu nilisimamisha kalamu, nikaona raha. Nikaandika: Huyu ni ndugu yangu. Bado ni mzito. Msaada haujamfaa. Bila kusukumwa hawezi. Nilitabasamu nikiandika. Nilitema mate pembeni, mle mle chumbani, Zaina akanigombeza kwa sababu alikuwa amefagia. Nilingoja Bwana Mizani asome, acheke, aseme: Wacha hayo, Shabani, huyu ndiye wa kwanza wao.

Jumatatu asubuhi tulipangwa mbele ya bendera, shule nzima, kuanzia wadogo wa mwaka wa kwanza. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Bwana Mizani akasoma. Akasema masomo ya nyongeza yamepimwa na yameonekana yana faida: kumi na mmoja wako tayari. Mmoja msaada haukumfaa, na Leta haiwezi kumpeleka mbele ya inspekta mtu asiyeweza kusimama. Ndipo akalitaja jina.

Hapa kwetu anayefukuzwa hapewi nafasi ya kurudi bwenini. Kapitula na shati ni mali ya Leta, vinavuliwa palepale. Rajabu akavua. Akabaki na ile nguo ya ndani uliyomshonea wewe kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, mguu mmoja wa buluu, mguu mmoja wa maua mekundu. Wadogo wa mwaka wa kwanza wakaanza kucheka, na hakuna aliyewanyamazisha. Akalikunja shati mikono ndani, kola juu, kama unavyokunja wewe kazi ya mteja, akampa kapita wa shule. Bwana Mizani akalichukua, akalikunjua, akahesabu vifungo.

“Kifungo moja haiko,” akasema.

Rajabu akainama kukitafuta majanini, mbele ya watu, akiwa na nguo ile ya rangi mbili. Alikitafuta muda mrefu. Mimi nilijua hakipo pale. Kilikatika siku ya kofi, nyuma ya ghala la pamba, nilipomshika kifuani. Nilisimama na mikono nyuma.

Baadaye Bwana Mizani aliniita ofisini, akanipa mkono. Hajawahi kunipa mkono.

“Mimi nalisoma pointi zake, nalifikiri iko wa kwanza,” akaniambia. “Lakini pointi inaweza kuwa ya kukariri tu. Ndugu akisema mabaya ya ndugu yake, ile ni kweli. Weye nalifungua macho yangu.”

 Saa tisa nikajikaza nikarudi kwake.

“Bwana,” nikasema, “kwetu mutu hasifu wa kwake. Niliandika vile sababu ya adabu. Rajabu iko wa kwanza. Hata wenzake ni yeye anawafundisha.”

Akaweka kalamu chini. “Basi weye naliandika uongo mu karatasi ya Leta.”

“Haiko uongo, Bwana. Ni heshima ya kwetu.”

“Na hawa kumi na moja? Nalisifu wao sababu ya heshima vilevile?”

Ndivyo ilivyokuwa.

“Kama iko heshima,” akasema, “karatasi yote iko uongo. Nafukuza wote kumi na mbili, na weye monita unatoka nao. Kama iko kweli, anatoka moja tu. Chagua. Mimi nangoja.”

Hakukasirika hata kidogo. Akaendelea kuandika vitu vyake. Dirishani niliwasikia Mulamba na wenzake wanafagia kiwanja, wanapigana kwa mafagio na kucheka, wamefurahi kwamba wako tayari.

Nikasema, “Iko kweli, Bwana.”

Sitakudanganya kwamba niliwafikiria wale kumi na mmoja. Kitu cha kwanza nilichofikiria ni viatu vyangu. Kisha Zaina na mtoto. Wale kumi na mmoja walikuja nyuma kabisa, nilipokuwa nje mlangoni, nikawachukua nijifunike nao. Naona haya, Baba. 

Nilimkuta Rajabu kizingitini kwangu, amevaa shati langu la zamani, anamchezesha mtoto. Nilipomwona tu machozi yakanitoka, siyo ya kiume, ya kelele. Akasimama akanishika bega. Mimi mkubwa wake!

“Yaya, usilie,” akaniambia. “Haiko kosa yako. Ule Muzungu hanipendake toka mwanzo, ni juu ya ile luga. Weye ulinichapa vizuri kusudi aone hauniachilie. Nilijua. Lakini wapi, haikusaidia.”

Zaina, ambaye mchana nilikuwa nimemweleza nilichoandika, aliacha mboga ya sombe motoni akaenda nyuma ya nyumba. Sombe iliungua na hakuna aliyeinuka kuiepua. Mpaka leo mke wangu ananipa chakula bila kunitazama.

Kisha Rajabu akaniambia mipango yake. Atafika Kasongo, atakaa kwako siku tatu amsalimie Mama, halafu atakwenda Salamabila kujiandikisha kwenye mashimo ya zahabu. Unawajua wanaorudi kutoka kule, Baba, umewashonea sanda. Nikamwambia Baba hatakubali.

“Baba?” akasema. “Baba alishasemaka toka zamani, miye ni punda. Punda anabeba.”

Hakucheka aliposema hivyo. Nilimtazama usoni nione kama ni mzaha, hapakuwa na mzaha. Nikaelewa kwamba Bwana Mizani hakuwa peke yake asiyejua desturi yetu. Rajabu naye hakuijua. Alikulia mikononi mwa watu wanaoandika mtu alivyo kwa namba, akawa anarudi barazani kwako kusikia neno la baba yake, na neno lilikuwa punda. Wateja wote walielewa, kinyozi alielewa, mimi nilielewa kwa sababu nilikaa chuoni kwako miaka saba. Yeye alikuwa anasikia punda na kuamini punda. Miaka yote hiyo, Baba. Na mimi nikamwongezea fimbo juu.

Masomo ya nyongeza yanaendelea. Saa kumi wanaingia, kumi na mmoja, na nafasi yake benchini imepimwa kwa kamba na kujazwa. Kibao kiko msumarini, hakuna anayekivaa, maana hakuna anayesema luga yoyote. Mulamba anaweka mbegu zake za pamba pajani, anazisukuma kwa kidole peke yake, anafika fungu la tatu anapotea. Juzi aliinua mkono akaniuliza kwa Kiswahili, “Monita, Rajabu alikosa nini?” Nikamwambia aseme kwa Kifaransa. Akafungua mdomo, akatafuta, akakaa chini. Bwana Mizani akapita mlangoni, akasikia ule ukimya, akasema inspekta atafurahi.

Sikuombi unisamehe, Baba. Ukitaka kunilaani nilaani, lakini subiri Mama aende kisimani. Ninachoomba ni kimoja: asiende Salamabila. Kamba haitamzuia, kilio cha Mama hakitamzuia, ana kichwa kigumu kama chako. Kitakachomzuia ni neno lako, na hujawahi kumpa hata moja. Hata mimi, mwenye mke na mtoto, sijui mpaka leo ulinionaje, na sikuulizi. Mimi nimeshakuwa nilivyo. Lakini huyu bado anakutazama uso. Mtazame na wewe.

Mwite kinyozi, mwite shangazi, mwache Mama akae mlangoni. Huyo Rajabu mwache palepale alipo. Kuanzia ukurasa unaofuata, soma kwa sauti, polepole, wote wasikie. Usitukane. Usiteme mate pembeni. Kijicho kimeshapata kilichokuwa kinatafuta, hakuna kilichobaki cha kuficha.

Mstari wa mwisho kabisa nimeuandika peke yake, chini ya jina langu, na nimeacha nafasi juu yake. Mkasi wako uko kando ya cherehani. Ukiona usisomwe, ukate, utumbukize motoni. Ukiona usomwe, usome. Mimi nilipewa nafasi ya kuchagua nikachagua vibaya, kwa hiyo sasa nakuachia wewe.

Haya, Baba. Hapa anza kwa sauti.

Hii ni karatasi ya Rajabu Ramazani, mwanafunzi wa mwaka wa nne, imeandikwa na monita aliyekaa naye kila siku. Hesabu, ni wa kwanza. Imla, ni wa kwanza. Kifaransa, ni wa kwanza, na anakisema vizuri kuliko monita wake. Kwa tabia alivaa kibao zaidi ya wenzake wote, na kila mara alikivaa kwa sababu ya mtu mwingine. Je, msaada umemfaa? Hakuuhitaji, yeye ndiye aliyekuwa msaada. Wakishinda wale kumi na mmoja, watakuwa wameshinda kwa mbegu zake za pamba. Je, anaweza kusimama bila msaada? Alivuliwa nguo mbele ya shule nzima, akalikunja shati la waliomvua, akalitoa kwa mikono miwili. Mtoto wa namna hiyo hatoki katika nyumba ya punda. Ametoka katika nyumba ya fundi Ramazani wa Kasongo, na baba yake anajua hivyo tangu siku alipomwona anasoma karatasi ya sabuni.

Mama, nakusalimu na kukupigia magoti, mpikie mchele mweupe na samaki, usimwulize maswali. Shangazi muuza mawese, salamu zako zimefika, na mtoto wangu umemwita jina zuri. Mzee kinyozi, rudi ukamalize kile kichwa ulichokiacha. Dada Asha, mpe mdogo wako chumba cha nyuma, kile chenye dirisha, aweke vitabu vyake. Mke wangu Zaina anawasalimu wote.

Ni mimi mwanenu niliye mbali,
Shabani Ramazani, monita

 

 

Rajabu, aliyeandika kwamba hufai ni mimi.